Wiki Mbili Nilizomchelewesha Emérita

Magoli matatu ya kwanza ambayo Emérita Uwingabire alifunga nje ya kwao Mushaki, katika milima ya Masisi, aliyafunga kwangu. Nilikuwa kipa wa timu ya wasichana ya Itebero, huko Walikale, mashariki mwa Kongo, nina miaka kumi na minane, na mpaka siku ile nilijiona sifungiki. Watu wa kwetu wanaoukumbuka mchezo ule husema uwanja ulikuwa na tope. Ni kweli, ulikuwa na tope. Lakini tope lilikuwa upande wa wote wawili.

Tena wao walikuwa njiani siku nne. Walitoka Mushaki juu ya lori lililobeba magunia ya maharage, likawashusha Masisi mjini, na kutoka pale wakatembea, wakilala kwenye madarasa ya shule na kwa watu wa kanisa, mpaka wakatufikia sisi huku msituni. Mwalimu wao wa michezo, Damascène, ndiye aliyetuandikia barua mwaka ule wa 2011. Aliandika kwamba ana timu ya wasichana lakini hana wasichana wengine wa kucheza nao, na amechoka kuwapanga dhidi ya wavulana ambao wakishindwa wanatupa mawe.

Emérita alikuwa na miaka kumi na saba. Mwembamba, paji la uso pana, amevaa viatu vya plastiki vilivyofungwa kamba ili visibaki kwenye tope. Hakupiga kelele kama washambuliaji wengine. Alikuwa akikuangalia tu. Nilidhani anaangalia mikono yangu, kumbe anaangalia miguu.

Jioni tulikula pamoja, sombe ya majani ya mihogo na samaki wa mtoni. Akaja kuketi karibu nami.

"Dada, usikasirike," akaniambia. "Unaruka muzuri. Lakini mbele ya kuruka unaegemea mguu wa kushoto. Njo maana nilijua nitapiga wapi."

"Sasa juu ya nini unaniambia? Siku ingine nitakuzuia."

"Kama sikuambie, nitacheza na nani?"

Mwamuzi wa siku ile alikuwa Papa Darius, mkuu wa shule yetu, mtu aliyependa karatasi kuliko chakula. Kabla ya mchezo aliwapanga wachezaji wote mstari, akaandika jina la kila mmoja, mahali alipozaliwa, mwaka, na jina la baba. Akatia sahihi, Mwalimu Damascène akatia sahihi, na chifu akagonga muhuri. Tulimcheka. Tulisema huyu Papa anadhani tunakwenda Ulaya.

Baada ya mchezo ule tuliandikiana, na mwaka uliofuata nilifika Mushaki. Ndipo nilipoona alikotoka. Baba yake, Papa Nzabonimpa, alilima maharage na mihogo kwenye mteremko mkali kiasi kwamba ukidondosha jembe unalifuata chini kwa jirani. Jumapili aliimba sauti ya nne katika kwaya ya parokia. Mama yake, Mama Joséphine-Marie, hakupenda mpira. Hakuwa mkali. Alikuwa na hofu. Wanawake sokoni walimwambia msichana anayepiga mpira hatazaa, na yeye hakujua kama ni kweli au uongo, kwa sababu pale kijijini hakukuwa na mwanamke mwingine aliyewahi kujaribu, ambaye angeweza kumtazama.

"Mutoto wangu iko wa kwanza," aliniambia tukimenya mihogo. "Wa kwanza wa kitu, hakuna wa kumuuliza."

Baba yake aliweka sharti moja tu: shamba kwanza, mpira baadaye. Kwa hiyo Emérita alipalilia kama mtu anayefukuzwa. Saa nane alikuwa amemaliza, na saa nane na nusu alikuwa kwenye malisho na Mwalimu Damascène, akipiga mpira huku ng'ombe wakimtazama. Papa Nzabonimpa hakuja kukaa na watazamaji. Alisimama mbali, kati ya ng'ombe, kama mtu aliyepita tu.

Mwaka 2013 tulihamia Goma wote wawili. Mimi nilikwenda kusomea uuguzi, yeye aliitwa na timu mpya ya wanawake iliyokuwa inatafuta mshambuliaji. Tulipanga chumba kimoja katika nyumba ya mjane mmoja, na mimi nikaingia golini kwenye timu hiyohiyo. Asubuhi alishona kwa fundi, jioni alicheza. Mara ya kwanza tulipoingia uwanjani watu walikuja kucheka. Walimwita Fromage, jibini kwa Kifaransa, kwa sababu Masisi ndiko inakotoka, na walilitamka jina hilo kama tusi. Mwisho wa msimu wa pili alikuwa amefunga magoli thelathini na moja, na wasichana wadogo waliokaa juu ya ukuta walikuwa wakilia "Fromage! Fromage!" mpaka sauti zinawakauka.

Nimecheza na washambuliaji wengi. Wengi wanaupenda mpira ukishafika miguuni. Emérita aliupenda kabla haujafika. Alikuwa anakwenda mahali ambapo hapakuwa na kitu, na mpira unamkuta pale. Miaka ile, alipokuwa na miaka ishirini na ishirini na moja, alikuwa bora kuliko alivyokuja kuwa baadaye, na hakuna kamera iliyomchukua. Mnaniamini mimi tu.

Katikati ya mwaka 2015 barua ilifika kutoka Kinshasa. Timu ya taifa ilimtaka kambini, na baada ya kambi kulikuwa na safari ya kucheza nje. Hakuna msichana kutoka milima ya Masisi aliyewahi kuitwa. Tulicheza ngoma chumbani mpaka mjane akagonga mlango, kisha akaingia naye akacheza.

Iliyobaki ilikuwa pasipoti, na pasipoti ilitaka cheti cha kuzaliwa. Emérita hakuwa nacho, kama wengi wetu. Kitabu cha ubatizo cha parokia kilikuwa kimeteketea katika vita vya zamani. Akaenda katika ofisi moja mjini kuuliza afanye nini, na mimi nikamsindikiza. Baba yake alikuwa amekuja kutoka Mushaki amevaa koti la kwaya.

Mtu aliyekuwa nyuma ya meza alisoma jina lake, Uwingabire, akalisoma tena polepole, kama jina la watu wa ng'ambo ya mpaka.

"Hili jina ni la wapi?"

"Ni la Mushaki, Papa," Emérita akajibu.

"Nimeuliza jina. Sikuuliza mahali unakaa."

Papa Nzabonimpa akavua kofia. "Muheshimiwa, baba yangu amezikwa juu ya shamba yetu. Babu yangu iko pale pale, karibu ya muparachichi. Kama unataka nitakupeleka uone."

"Mzee, makaburi si karatasi."

Tulitoka. Papa Nzabonimpa hakuivaa tena kofia yake, aliishika mkononi njia nzima, jua likimchoma kichwa. Nilimwona akitembea polepole kama mtu aliyevunjiwa kitu ndani. Mimi mtu wa Itebero sijawahi kuulizwa jina langu ni la wapi.

Mwanasheria mmoja wa kanisa alitueleza njia iliyobaki. Mahakama inaweza kutoa hukumu inayosimama mahali pa cheti, kama kuna mashahidi na kama kuna karatasi yoyote ya zamani yenye jina, mahali na mwaka. Karatasi yoyote yenye muhuri. Kundi la wachezaji lilikuwa linaondoka baada ya wiki saba.

Emérita alifikiri usiku mmoja, na asubuhi akanigeukia. "Victorine, unakumbuka Papa Darius?"

Nilikumbuka. Tena nilijua karatasi ile iko wapi, katika sanduku la chuma ofisini mwake Itebero, kwa sababu hakutupa kitu. Simu hazikushika kule. Ilibidi mtu aende, na mtu wa kwenda nilikuwa mimi.

"Nitaenda," nikamwambia.

Sikuenda.

Nataka niseme hapa sababu, kwa kuwa nimeifikiria miaka mingi. Katika timu yetu kulikuwa na mshambuliaji wa pili, Estelle, binti wa mjomba wangu, wa Walikale kama mimi. Kinshasa walikuwa wamesema kama Emérita hana pasipoti, watamchukua Estelle. Siku ya tatu mjomba alinipigia simu kutoka Walikale mjini.

"Nasikia unataka kuja Itebero juu ya karatasi ya yule binti."

"Ndiyo, mujomba."

"Usijichokeshe. Wewe iko na masomo. Na kama ile karatasi imeliwa na muchwa, nani atakulaumu? Estelle njo ndugu yako. Yule si ndugu yako."

Sikumjibu kwamba nitakaa. Sikumjibu kwamba nitakwenda. Nilijiambia nina zamu hospitalini, na kweli nilikuwa na zamu. Nilijiambia mvua imeharibu barabara, na kweli mvua ilinyesha. Kila asubuhi nilikuwa na sababu ya kweli, na kila sababu ya kweli ilinisaidia kufanya uongo. Emérita hakunisukuma. Aliuliza mara moja tu, "Zamu itakwisha lini?" Nikasema wiki ijayo.

Siku ya kumi na nne nilirudi uwanjani kuchukua glavu nilizosahau. Mazoezi yalikuwa yamekwisha, wenzetu wamekwenda. Nikamkuta Emérita na Estelle wamebaki peke yao. Emérita alikuwa akimsukuma Estelle mgongoni kwa bega, huku akimwonyesha jinsi ya kupokea mpira beki akiwa amemganda.

"Usimukimbie," alikuwa anamwambia. "Acha akuegemee. Akiegemea, wewe unageuka, yeye anaanguka. Tena."

Waliponiona, Emérita akacheka. "Namutayarisha. Kama mimi siende, huyu asiende akatuhaibishe."

Nililala nimeugeukia ukuta. Alfajiri nilishika boti kwenda Bukavu, na kutoka pale nikapanda pikipiki kupitia Bunyakiri na Hombo. Daraja moja lilikuwa limevunjika, tukavusha pikipiki kwenye magogo. Siku ya tatu niliingia Itebero nimejaa tope mpaka kwenye nyusi. Papa Darius alinisikiliza, akachukua ufunguo, akafungua sanduku. Haikumchukua hata muda wa kuchemsha chai.

"Hii hapa," akasema. "Nambari tisa. Uwingabire Emérita, amezaliwa Mushaki, 1994, binti ya Nzabonimpa." Akaitazama kwa upendo. "Mulinicheka."

"Tulikucheka, Papa. Utusamehe."

Mahakamani, hakimu mwanamke aliyevaa miwani alitusikiliza Alhamisi mbili baadaye, maana alisikiliza kesi hizo Alhamisi tu na foleni ilikuwa ndefu. Papa Nzabonimpa alisema tena habari za makaburi, na hakimu huyu aliziandika. Kisha akaniita mimi.

"Wewe ni wa Walikale. Unajuaje kama huyu alitoka Mushaki?"

"Mama Hakimu, walikuwa njiani siku nne kuja kucheza na sisi. Nilimuona akifika, miguu imevimba. Kesho yake alinitia magoli matatu. Muntu akikutia magoli matatu mbele ya kijiji yako, unauliza jina yake na kwao."

Watu walicheka, hata hakimu alishusha miwani. Lakini alisema hukumu lazima iandikwe, isomwe, isubiri siku zake za kisheria. Kundi liliondoka na Estelle. Hukumu ilitoka siku kumi na tisa baada ya Alhamisi ile, imechelewa kwa siku chache.

Hesabu hiyo naijua vizuri. Kama ningekwenda siku niliyosema nitakwenda, labda Emérita angepanda ndege ile. Labda. Huenda ofisi ya pasipoti ingetafuta kikwazo kingine. Sitajua, na ni mimi niliyefanya nisijue.

Alipoipokea ile hukumu alikwenda nayo Mushaki. Papa Nzabonimpa hakusoma Kifaransa. Akamwambia binti yake amsomee, kisha akamwambia amsomee tena, akiweka kidole chake chini ya kila mstari hata kama hakujua mstari unasema nini. Alifariki miaka miwili baadaye kwa ugonjwa wa ini. Hakumwona akivaa jezi ya taifa.

Estelle alirudi kutoka safari ile bila kucheza hata dakika moja. Aliolewa Kisangani na akaacha mpira.

Kambi nyingine ya taifa haikumhitaji Emérita mpaka mwaka 2019, kocha mpya alipokuja Goma na kumwona akifunga mara nne katika mchezo mmoja. Alikuwa na miaka ishirini na mitano. Mimi wakati huo nilikuwa nimekwisha kuacha glavu, ninafanya kazi katika zahanati karibu na Walikale. Tuliangalia mchezo wake wa kwanza wa taifa kwenye simu ya mwenzangu, imesimamishwa juu ya kopo la dawa, picha inakwama na kuachia. Aliingia dakika ya sitini na nane. Picha ikakwama. Ilipoachia alikuwa amelala kifudifudi na wenzake wamemrukia, na sisi hatukuwa tumeona goli. Wagonjwa waliniuliza kwa nini ninalia.

Alicheza michezo tisa ya taifa, akafunga mara mbili. Mwaka 2021, katika mchezo wa kawaida wa ligi mjini Goma, aligeuka peke yake, hakuna aliyemgusa, na kano ya goti ikakatika. Alifanyiwa upasuaji. Akarudi, akacheza nusu msimu, na siku moja akamwambia kocha kwamba anafika mahali mpira ukiwa umekwisha kupita. Akaacha, akarudi kwa mama yake Mushaki.

Vita vilipofika Mushaki, kwenye barabara ya Sake, watu wengi walishuka kuelekea Goma. Emérita na mama yake walikwenda upande mwingine, Kashuga, kwa sababu kaka wa Mama Joséphine-Marie ana shamba kule. Kashuga nayo ilikuwa imejaa, vibanda vya maturubai mpaka kwenye mashamba ya watu. Nilisikia habari zake kwa wauguzi wenzangu: kuna mwanamke pale kambini anachezesha wasichana mpira, anachechemea kidogo.

Mwaka jana nilitumwa Kashuga na kundi la chanjo ya surua. Kazi ilipokwisha nikamtafuta. Nilimkuta kwenye kipande cha ardhi kati ya kambi na shamba la mihogo, na wasichana kama ishirini, wengi wao bila viatu. Tulikumbatiana muda mrefu. Mama Joséphine-Marie aliletewa kiti, naye akaketi kando ya uwanja akipaza sauti: "Pasi! Toa pasi!" Nikamtazama Emérita.

"Njo hivyo kila siku," akasema. "Anajua kuliko mimi."

Wasichana walipopumzika tukakaa kwenye nyasi. Nikaona kama sisemi siku ile sitasema tena.

"Emérita, ile karatasi ya Papa Darius. Sikuchelewa juu ya zamu."

Akanigeukia.

Nikamwambia yote. Simu ya mjomba, Estelle, zile asubuhi kumi na nne. Sikuweka mvua. Alisikiliza akilinyoosha goti lake na kulikunja.

"Nilijua kulikuwa kitu," akasema mwishowe. "Sikujua ni ile. Niliwaza pengine ulikuwa na muchumba unaficha."

"Ningependa iwe muchumba."

Hakucheka. Alitazama wasichana, kisha akasema bila kunigeukia: "Watu wananiambia, haizuru, ulifika tu. Ndiyo, nilifika. Lakini ile miaka ine, Victorine. Mguu wangu ulikuwa unajua kila kitu. Nilipofika, ilikuwa imeanza kusahau. Na Papa alikuwa ashakufa. Siwezi kukuambia haizuru. Inazuru."

"Najua."

"Na pia ulienda. Na mahakamani ulisema." Akavuta pumzi. "Sasa sijue niweke wapi hivi viwili. Unipe siku kidogo."

Nikasema ndiyo. Sikuwa na haki ya kuomba zaidi. Upepo ulikuwa unaleta mvua kutoka upande wa Mweso, na wasichana walikuwa wamesimama tayari, wakipigapiga miguu.

Emérita akainuka kwa kushika bega langu, maana goti halimruhusu kuinuka peke yake haraka.

"Gari yenu inatoka saa ngapi?"

"Kesho asubuhi."

"Hapa hatuna muntu wa kufundisha magardien, wale wa golini. Yule murefu, Nishimwe, anafunga macho kila mara ballon ikikuja." Akaniangalia, macho yake bado hayajalainika. "Vua hiyo blouse ya hospitali, isichafuke."

Nikavua koti langu la kazi, nikampa Mama Joséphine-Marie alishike, nikaingia golini kumwonyesha Nishimwe jinsi ya kusimama.